Jua la Kukunja

Ravdna anaifungua, jani baada ya jani, manne,
kitambaa cha kijivu, vioo vyeusi vyembamba,
anaitundika kwa vitundu vyake vyenye pete za shaba
ubavuni mwa hema, upande wa kaskazini.
Ndiyo, kaskazini. Ni saa sita ya usiku
na jua liko pale, juu kidogo ya mgongo wa mlima,
jekundu, halina haraka, halina mpango wa kulala.

Sisi tunaoanza kuhesabu saa jua likichomoza
tungepotea huku.
Hapa lilichomoza katikati ya Mei.
Kwa hesabu yetu sasa ni saa elfu moja na mia mbili,
na asubuhi bado haijaisha.

Linazunguka tu, ngamia wa kinu cha simsim,
na Ravdna anazunguka nalo:
kila apitapo na kikombe cha kahawa
anaisogeza paneli vidole vinne kulia.

Ndani amelala Heaika, mumewe,
miaka sabini na miwili, shingo fupi, kifua cha fahali,
mtu ambaye koo lake humfungia mlango akisinzia.
Daktari wa Hammerfest alimpa mashine ya kumpulizia pumzi,
na mashine ikataka ukuta wenye soketi.
Basi miaka sita, wenzake wakipanda na kulungu wa theluji,
yeye alibaki mjini na dirisha,
akiuliza kwa simu:
Ndama wangapi? Na yule jike wa pembe moja, yu hai?

Mjukuu, Elle-Sire, ndiye aliyeileta,
imekunjwa kama gazeti mfukoni mwa mgongoni,
pamoja na betri nzito kama mtoto aliyeshiba.
"Wati mia na ishirini," alisema.
Ravdna aliipima mkononi kama apimavyo samaki.
"Nyepesi," akasema. "Kitu chepesi hakibebi mzee."

Mpaka leo hajakiri.

Mbwa ndio waliobweka kwanza, usiku wa kwanza
(nasema usiku kwa kukosa neno jingine),
wakidhani kuna mnyama anayepumua chini ya blanketi.
Usiku wa pili waliguna.
Wa tatu walijikunja miguuni pake wakalala.

Halafu yule ndama.
Masikio mabichi, alama imetiwa sasa hivi,
aliruka ua, akapita katikati ya vikombe,
akakanyaga jani la tatu.
Lilipasuka bila kelele, nyuzinyuzi za buibui.
Elle-Sire alilia.
Ravdna alitafuta sindano,
na uzi wa mshipa, ule wa kushonea viatu vya baridi,
akashona kitambaa pale kilipochanika,
mishono mifupi, ya hasira.
Kioo hakishoneki.
"Yamebaki matatu," alimwambia mumewe.
"Usiote ndoto ndefu."

Naye akacheka, akatoka na kisu chake.
Pale uani, magoti kwenye kinyesi na ukoka,
alishika sikio la kwanza baada ya miaka sita
na mkono haukuuliza chochote.
Kata mbili mbele, moja nyuma, kijipembe chini.
Mbu walimfurahia kama mgeni wa harusi.

Mwisho wa Julai jua litazama,
dakika chache tu, kama mtu
aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.
Kisha dakika nyingi.
Ravdna ameshapiga hesabu, hakumwambia mtu:
Agosti betri itafika alfajiri ikihema.
Septemba paneli itakunjwa, mzee atashuka,
na soketi ya ukutani itampokea
bila kumuuliza alikuwa wapi.

Hilo ni la Septemba.
Anamwaga masimbi ya kahawa mosini,
anaweka kiganja juu ya kioo: uvuguvugu, kidogo.
Vidole vinne kulia.
Ndani mashine inavuta, inatoa, inavuta,
na chini ya barakoa, usingizini,
sauti nzito inahesabu:
sitini na tatu, sitini na nne,
kimya,
yule wa pembe moja,
sitini na tano.