Gari la Laki Tisa

Injini ni ya Igoma, Staleti iliyogongwa ubavu;
mwenyewe aliiuza asiitazame tena.
Rejeta ya kirikuu. Usukani wa nani, sijui.
Mlango wa kushoto ulibeba dagaa Mwaloni miaka sita:
tumeusugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu,
paka wa Mabatini bado wanausalimia.

Kizimba anachomelea Nyanzobe.
Bomba la kwanza aliligonga nyundo, akasikiliza,
akalitupa nyuma ya jabali.
"Hilo la kuanikia nguo. Leta linaloitika."
Shigela akahesabu hela, akameza mate,
akaleta linaloitika.

Kila kitu hapa kina marehemu wake
isipokuwa mkanda.
Mkanda tumeununua dukani, ndani ya nailoni yake,
laki na nusu,
na hapo ndipo hela ya rangi ilipoishia:
ubavu mmoja mwekundu, mwingine kutu.

Jumapili tutapanga mstari Kisesa
na magari yaliyozaliwa mara moja.
Letu limezaliwa mara tano.
Likikohoa, msicheke:
linajiuliza liitike kwa jina lipi.

Na kabla bendera haijashuka,
Nyanzobe,
mtoe huyo paka.