Hesabu ya Juni

Kwamboka, shika kalamu. Usiandike bado.
Kwanza nusa.
Kwenye marobota kuna harufu ya kondoo wa Molo,
samadi kidogo, mvua.
Hiyo ni malighafi: kitu ambacho bado
hakijui kitakuwa nini. Pima kwa kilo.

Ng'ambo ile, yaliyokunjwa, yenye pindo jekundu na lebo,
ni bidhaa kamili. Hesabu moja moja.
Usisinzie. Omuse alisinzia mwaka juzi
akahesabu pamoja na ndoto zake,
tukawa na mablanketi kumi na matatu ya hewani.

Na sindano? Na grisi, mikanda ya mota,
balbu, ufagio?
Havichangii blanketi hata uzi mmoja,
lakini mkanda ukatike saa nane usiku,
baridi ya Menengai ikipenya mabati,
ndipo utajua nani anaendesha kiwanda hiki.
Ukurasa wake uko nyuma kabisa.
Mimi nilianzia huko, nikifagia.

Sasa njoo kwenye mitambo ya kufumia.
Hapa ndipo wahasibu hukosa usingizi.
Si sufu tena, si blanketi bado.
Rangi imeshanyweka, umeme umeshaliwa,
mishahara imeshalipwa,
na hakuna mteja wa kitu kama hiki.
Unakadiria. Robo. Nusu. Robo tatu.
Kwa penseli.

Mtambo wa nne: blanketi moja, nusu.
La Shitandi. Kijivu, mistari miwili ya samawati,
wa tatu umekomea njiani
pale alipoinuka kunywa maji
akasema kifua kinambana.
Hii ni Juni ya tatu naliandika.
Mwaka jana mkaguzi alivua miwani:
"Linaendelea kufumwa na nani?"
Nikamwambia mtambo umeharibika.
Mtambo mzima. Jana nimeutia grisi.

Safari hii meneja anataka kitabu safi.
Likatwe, liingie safu ya hasara.
Mkasi uko droo ya pili.

Koni ya samawati nayo ipo, rafu ya chini,
nyuma ya sabuni. Haimo kitabuni.
Nimeona mkono wako ulivyo mwepesi, wiki sita tu.
Sijakutuma kitu.
Nasema tu chakula cha mchana ni saa nzima,
nami leo nitakula polepole.
Penseli nakuachia. Ina kifutio.