Moja kwa Arobaini na Nane

Zima feni, asema baba,
na joto lote la Chaani laingia sebuleni,
saa nane mchana, jasho lanitiririka hadi kiwikoni.
Kibandiko chembamba kuliko ganda la kitunguu
hakitaki upepo. Kikiruka kimekwenda,
kitanata pazia, ama mgongo wa paka,
na pesa za kukiagiza zilishalika.

Bahasha ilikaa njiani wiki saba.
Posta ya Barabara ya Digo, mtu wa forodha
aliinyanyua kwenye taa akaniuliza:
Nini hizi? Vibandiko. Vya nini? Vya ndege.
Ndege ya nani?
Ya baba.
Akanitazama, akaitazama foleni,
akagonga muhuri kama anayeua mbu.

Maana kiwanda kilitia sandukuni nyota za Marekani
na msalaba wa Uswisi. Baba alivisogeza kando
kama mtu aliyetoka msikitini akakuta viatu si vyake,
ingawa yeye ni wa kanisani, na wa Wundanyi.
"Hizi si zetu."
Zetu ndizo hizi: duara jeusi, jekundu, kijani,
ngao na mikuki, kiasi cha punje ya mtama,
na maonyo madogo ambayo hata kwa miwani
nayakisia tu: usikanyage hapa.
Nani atakanyaga? Sisimizi?

Miaka kumi na tisa Mwadime Mwakio
alipaka namba kwenye mikia ya ndege kule Nanyuki,
baridi ikimng'ata vidole, rangi ikiganda koponi.
Hakupanda hata moja.
Sasa mkono wake wa kulia watetemeka
kama kifuniko cha sufuria ya chai,
basi yeye ni macho, mimi ni mkono.
"Maji ya vuguvugu. Hesabu hadi thelathini.
Usikivute. Kisukume kitoke chenyewe,
kama mtoto anayeamshwa kwenda shule."
Kisha tone la siki, kilainike,
kizame penye mshono, kionekane
kimezaliwa na plastiki ile ile.

Namba anayoitaka haimo.
Karatasi nzima, namba kumi na mbili, ile haimo.
Aliyezichora huko ng'ambo hakuijua,
ama aliijua akaona haina habari.
Baba kimya. Nje mkokoteni wa maji wapita,
madumu yakigongana.
Nikachukua wembe.
Tatu nikaikata kwa huyu, moja kwa yule,
na sita ilipochanika mle kisahanini
nikatwaa tisa nikaipindua.
Tarakimu kwa tarakimu, pumzi nimeibana,
hata nzi aliyetua shingoni nikamstahi.

Ikaenda kombo.
Nusu ya unywele, labda.
Nikapiga hesabu, zidisha arobaini na nane:
kwenye ndege ya kweli, unene wa sarafu ya shilingi.
"Niilowanishe tena, niisogeze?"
Akainama hadi pua ikakaribia mkia,
akakaa hapo muda mrefu, akinusa siki.

"Iache. Hata ile niliipaka kombo.
Meja alikuja kukagua saa mbili asubuhi
nami sikuwa nimelala siku tatu,
wewe ulikuwa unalia usiku kucha, tumbo.
Nikaona, nikanyamaza. Rangi ilishakauka.
Ikapaa kombo, ikatua kombo,
kila mwaka wanapiga saluti mbele yake
na mimi nimesimama nyuma, natazama shilingi yangu."

Akacheka kidogo, akakohoa.
Kwenye kisahani vyaelea vipande vilivyobaki,
nane, saba, nusu ya sita.
Feni bado imezimwa.
Hakuna aliyeinuka kuiwasha.