Mizani ya Hewa

Bi Mwachiro alikuja na Probox yake na hasira zake.
Trei tano za mayai zilipasuka darajani Nyali:
gari lilisita katikati ya mwinuko, likashtuka,
likasita tena, kama mtoto aliyesahau
alichotumwa dukani.
Ute ulichuruzika hadi kwenye mkanda wa usalama.
"Plagi umebadilisha. Pampu umebadilisha.
Sasa waniambia nini?"

Nikamwambia, nataka kupima hewa.

Alinitazama kama aliyeuziwa mchanga badala ya sukari.
"Yaani Idarusi, wanitoza pesa
kupima upepo?
Hapa Shimanzi? Upepo tele, wa bure,
na nusu yake vumbi la saruji!"

Sikumjibu. Bisibisi ilikuwa mdomoni.

Marehemu baba alikuwa karani wa mizani bandarini,
miaka ishirini na sita akipima malori
ya chai, ya ngano, ya vyuma chakavu.
Alijua uzito wa kila kitu ila hewa.
Mtu akimwona hana maana, alisema, "Huyo hewa tupu."
Laiti angekuwepo nimwonyeshe hiki:
kidude cheusi cha plastiki, kadiri ya kibiriti,
na ndani yake uzi wa platini
mwembamba kuliko unywele wa kichanga.

Umeme huutia uzi moto.
Hewa hupita, huunyang'anya joto.
Umeme huongezwa, uzi urudi palepale ulipokuwa.
Basi. Ndiyo mizani yenyewe,
haina jiwe wala sahani.
Kinachopimwa ni gharama
ya kubaki na joto lako mbele ya kinachokupoza.

(Bi Mwachiro, mjane mwaka wa tatu,
alinyamaza kidogo hapo. Sikuwa nimekusudia.)

Na hewa si moja.
Februari, saa saba mchana, bati la gereji likialika,
hewa imevimba, nyepesi,
pafu lajaa wala halishibi.
Julai alfajiri imeshikana kama uji.
Kule Nairobi, juu, ni haba;
sisi twaishi kwenye sakafu yake,
tumebebeshwa yote iliyo juu yetu.
Injini haiulizi lita ngapi. Yauliza uzito,
ili petroli itiwe kwa kadiri, kama chumvi ya wali.

Nikawasha. Mashine ikasoma gramu moja na nusu kwa sekunde.
Gari hili, likinguruma pamoja, huvuta kama mbili na nusu.
Nikauosha uzi kwa dawa yake, bila kuugusa,
nikangoja ukauke.
Ilitoka saruji, ikatoka chumvi, ukatoka unyoya wa kuku
(chujio lilitoboka zamani, hakuna aliyelitazama).
Moja nukta nane.
Bado.

Kumbe mpira wa kuingizia hewa,
kule chini ulikofichwa na klampu,
ulikuwa na ufa wa kiasi cha ukucha wa kidole gumba.
Hewa ilijipenyeza hapo, nyuma ya mizani,
ikaingia motoni bila kuandikwa.

Baba angeujua ufa huo.
Lori lilipita lango la nyuma usiku,
asubuhi daftari likakataana na ghala,
wakatafuta mtu wa kumlaumu,
wakamkuta aliyeshika kalamu.
Lori lile hakulipima yeye.

Nilipata mpira kwenye gari bovu la Jomvu.
Nikafunga. Nikawasha.
Mbili nukta nne, ikatulia hapo, haikutikisika.

Bi Mwachiro aliweka kiganja juu ya boneti
kama amgusaye mgonjwa paji la uso.
"Sasa yapumua," akasema.
"Ilikuwa ikipumua," nikamwambia. "Haikuhesabiwa tu."

Alilipa nusu kwa pesa.
Nusu alilipa kwa trei ya mayai,
mazima yote isipokuwa mawili,
na alipokuwa akirudi nyuma kutoka uani
alichomoza kichwa dirishani, akapaza sauti
mpaka wachomeaji wa jirani wakazima moto wasikie:
tangu azaliwe, hajanunua upepo ghali hivi.