Ndoo ya Udongo

Shaame, nimekurejeshea mali yako.
Ndoo moja, imejaa mpaka ukingoni,
nimeipandisha kichwani kutoka bondeni
na maji mekundu yakinichirizika shingoni.

Usiulize ni nini. Tia mkono.
Ni udongo wa muhogo wako huo:
una mkaa wa tanuri ulilochoma mwaka juzi,
una kandambili ya mwanao, ya kushoto.
Ulinijia usiku wa Ijumaa, mvua ikinyesha,
haukupiga hodi,
ukajilaza juu ya mpunga wangu
na mpunga haukuinuka tena.

Kijiji chetu chaitwa Mchanga Mdogo.
Aliyekipa jina hakulima bondeni.

Sikuja kugomba.
Kugomba tuligomba masika yale.
Ukasema mvua ni ya Mungu.
Nikasema mvua ni ya Mungu, matuta ni yako,
umeyachimba kufuata mteremko, kila tuta mfereji.
Hatukusemezana mpaka Mfungo Tatu,
na sisi tumeoleana.

Leo naomba hatua kumi.
Kutoka maji yanapopita, kuja juu, kumi tu,
zisiguswe na jembe.

Nilikuona ukihesabu midomo ikicheza:
hatua kumi ni mashina mia mbili,
mashina mia mbili ni sare za skuli na viatu.
Ukasema, "Sita."
Ukaibakiza ndoo yangu barazani kwako, na udongo wake,
kama rehani.

*

Vuli ilipoanguka nikaanza.
Mchaichai shina kwa shina, kukingama mlima,
nimeubana kama meno ya kitana.
Nyuma yake mabingobingo.
Ukingoni kabisa mizambarau na mitondoo
niliyoiotesha kwenye pakiti za maziwa
nilizookota mlangoni kwa muuza chai.

Watu wakapita njia ya juu, wakacheka:
"Wenziwe wang'oa majani, Mize ayapanda!"
Mbuzi wa Bi Mwanakheri wakala miche kumi na mmoja
asubuhi moja, kabla sijamaliza kufua.
Jua la kaskazi likachukua mingine.
Nilikaa pale nikiwa na kopo tupu mkononi
nikajiuliza, hivi mto una shukurani?
Mto unapita tu.

Sikukuona ukija.
Ila siku moja nilikuta mashina yamemwagiwa maji
na nyayo si zangu.
Na siku nyingine, Shaame, nilikuta tuta moja,
la chini kabisa, lililopakana na majani,
limefumuliwa, likalazwa upande.
Moja tu. Mengine yote yako vilevile.
Nilipokukuta dukani tukazungumza bei ya sukari.

*

Masika yaliingia usiku, bati likapiga kelele,
nikashuka na tochi na kanga ya kichwani imelowa.
Sitasema uongo: hayakuwa maji ya kisima.
Mwaka jana yalikuwa uji wa mtama,
mwaka huu chai ya rangi.
Nikaimulika tope iliyokwama nyuma ya mchaichai,
imekaa kitako, imepanga mstari,
kama walioalikwa harusini wakakuta mlango umefungwa.
Harufu ya mchaichai uliopigwa na mvua
ikapanda bonde zima,
nikatamani kuwasha jiko usiku uleule.

Pembe ya chini, karibu na daraja la minazi,
tope ilipenya. Majaruba mawili yamekwenda.
Matatu yamesimama.

Asubuhi uliteremka umekunja suruali.
Hukuuliza mpunga, wala mimi sikukueleza.
Ulishika ndoo yangu, umeiosha mpaka ndani,
ukaitua kwenye jiwe la kufulia,
ukaondoka unakohoa, kama mtu mwenye safari.

Nikachungulia.
Udongo wako uleule, robo ndoo,
na miche minne ya mizambarau imesimama ndani yake.

Nikaingia mlimani kwako bila ya ruhusa,
nikapima kwa miguu yangu kutoka sita:
saba, nane, tisa.