Bei ya Kioo

Jumamosi ya pili ya mwezi, barabara ikikubali,
watu wa Lungmar hupanda kilimani kuniuliza maswali.
Nawapangia viti vya plastiki, chai ya chumvi na siagi,
na jiko la kinyesi cha yaki, moshi mwingi kuliko moto.
Mkataba wangu na Wizara unasema: kujibu umma.
Hausemi kujibu nini.

Punchok, dereva wa lori la dizeli, hakai.
"Kioo hicho mmekinunua bei gani?"
Namtajia. Masifuri ya mwisho nayasema polepole,
kama mtu anayepita karibu na msiba.
Anahesabu kwa vidole; vyake vinakwisha,
anaazima vya mkewe.
"Zahanati yetu ina kitanda kimoja," anasema,
"nacho kina miguu mitatu na tofali."

Nalijua tofali hilo.
Nililala juu yake nikiwa na miaka tisa,
homa ya mapafu ikinipiga kwata kifuani.

Nilimpa majibu ya kijitabu:
kwamba katika kodi yake ya mwaka
sehemu ya anga haijazi bei ya kiberiti;
kwamba satelaiti iliiona ile dhoruba ya theluji
kabla mbuzi hawajainusa.
Akanisikiliza kama mtu anayesikiliza
mvua ya kijiji kingine.

Nikaacha kijitabu.
"Fedha haikurushwa juu, Punchok. Juu hakuna duka.
Imeliwa hapahapa: na mchomeleaji, na mpishi,
na Tundup mlinzi, anayelala zamu,
na wewe unayetuletea dizeli."
Wakacheka. Naye akacheka, nusu ya mdomo.
Nusu nyingine ilibaki zahanati.

Jigmet, darasa la nne, akauliza
kama nyota zikijua zinatazamwa zitadai.
Hilo nililijibu vizuri mno. Nimesahau nilisemaje.

Kisha Abi Dolkar, mwenye mbuzi sitini na meno mawili:
"Kukiwa na mawingu, mnalipwa?"
"Tunalipwa, Abi."
"Usiku kucha, na hamwoni kitu?"
"Usiku kucha."
Akafikiri. "Basi ni uchungaji," akasema.
"Mbuzi mwenyewe amelala, wewe unakesha."
Miaka kumi na moja Wizara inatafuta sentensi hiyo
katika semina zenye chakula cha mchana.

Akataka kuchungulia.
Tukamshika mabega, upepo ukitukata masikio,
nikaielekeza darubini ndogo ya wageni
kwenye lile wingu la Jabari ambamo nyota huzaliwa.
Akainama. Akanyamaza.
"Naona maziwa," akasema.

Wingu lile nalo ni jeupe.
Lakini niliwasha tochi, nikamtazama.
Macho hayana pazia, husema watu. Yake yalikuwa nalo:
mtoto wa jicho, kulia na kushoto,
mweupe kama kidirisha kilichoganda barafu.

Tangu lini anawahesabu mbuzi kwa sauti zao?

"Na kioo cha jicho la Abi," Punchok akauliza,
safari hii bila vidole,
"hicho bei gani?"

Kidogo kuliko punje ya shayiri.
Hospitali ya Leh wanacho, kwenye droo.
Mimi ninayejua umbali wa kila kitu
sikujua bei.

Fomu ya Wizara ina safu mbili, Swali na Jibu.
Nikaliandika swali. Safu ya jibu
ilikuwa bado tupu asubuhi, nilipoituma.

"Jumanne nashuka na mapipa matupu," Punchok alisema
akiwasha lori, taa zake zikituharibia giza.
"Kiti kipo. Mbuzi watalindwa na nani?"

Wote wakanitazama mimi,
mkeshaji wa serikali.