Mchimba Makaa wa Daftarini

Katika daftari la mgodi jina lake lilikuwa la kumi na saba:
Ervin Kelbakh, mchimba makaa, zamu ya usiku.
Mshahara kamili, na posho ya vumbi.
Lakini vumbi pekee alilolijua
ni lile la uwanja wa Karaganda mwezi wa Agosti,
nyasi zimeungua, naye, winga wa kushoto,
anamwacha beki ameshika kiuno
kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni.

Ndivyo mambo yalivyokuwa enzi za Kisovieti.
Hapakuwa na mchezaji wa kulipwa.
Palikuwa na wachimbaji wasiojua ngazi ya shimo.

Juu yake, la kumi na sita, ni baba yake, Gotlib,
aliyeletwa nyikani kwa behewa la ng'ombe,
kosa lake ni lugha ya mama yake.
Huyo alishuka kweli.
Alikohoa kweli.
Siku Ervin alipoifunga timu ya Tashkent, mwaka wa sabini na nne,
mzee alikuja kutoka zamu, uso mweusi, akasimama nyuma ya goli.
Hakupiga makofi. Aliuliza tu:
"Na koleo lako leo kashika nani?"

Mimi nilimkuta kocha, goti limekufa,
filimbi inaning'inia kwa kamba ya kiatu.
Alichukia mbwembwe.
Dauletbek alipopiga kisigino alimtoa nje,
kisha akamvika koti lake mwenyewe, baridi isimuue.
"Mpira hauna haraka," alisema. "Mwenye haraka ni wewe."

Kisha nchi ikafa, bila matanga.
Mwezi wa kwanza hatukulipwa.
Wa pili tulilipwa sukari, wa tatu matairi,
na hakuna kati yetu aliyekuwa na gari.
Wajerumani wakafunga mizigo
kwenda Ujerumani waliyoijua kwa hadithi za bibi zao.
Irma, mkewe, alikwenda. Binti alikwenda.
Yeye alisema atafuata ligi ikiisha.
Ligi iliisha. Ikaanza nyingine.

Baridi ile mabomba yalipopasuka
tulifika mazoezini, hayupo.
Tukakaa tukipuliza vidole.
Alitokea saa kumi, anachechemea,
gunia mgongoni, na kope zake
kama zimepakwa wanja.
Miaka arobaini na sita, ndipo aliposhuka ile ngazi,
ili chumba chetu cha kubadilishia nguo kipate moto.

Hatukuuliza kitu.
Alimimina makaa kwenye jiko la chuma,
akasubiri mpaka yakashika,
akavaa filimbi bila kunawa.
"Winga wa kushoto."
Nikasimama.
Akanirushia mpira, mpya, mweupe,
nami nikaudaka palepale vidole vyake
vilipokuwa vimeacha alama.